Kidonda kisichopona na tiba ya mwanga isiyofika mbali

Video iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usiku, wakati wa chakula. Ilitumwa na shangazi anayeishi Dar es Salaam. Ndani yake mgonjwa amelala, amevalishwa miwani ya giza, na taa nyekundu inamulika shavu lake. Msemaji anaeleza kuwa siku hizi saratani inatibiwa kwa mwanga, bila kisu na bila nywele kunyonyoka. Chini ya video shangazi aliandika: "Hii si ndiyo dawa ya mdogo wetu?"

Huyo mdogo wao ni mkulima wa pamba wa miaka 38, anayeishi nje kidogo ya mji wa Bariadi, mkoani Simiyu. Ana ualbino. Huu ulikuwa mwaka wa pili ana kidonda mbele ya sikio la kushoto. Kilianza kama kigaga cha ukubwa wa punje ya mtama. Akikibandua, damu inatoka kidogo, na baada ya wiki kigaga kinarudi. Duka la dawa walimpa mafuta ya kupaka. Zahanati walimpa vidonge. Jirani akaleta majani ya kuponda. Juu kidonda kilikuwa kinakauka, lakini pembeni kinazidi kutanuka.

Hakuna aliyetamka neno saratani. Yeye mwenyewe alianza kuvaa kofia ameiinamisha upande mmoja, si kwa ajili ya jua bali kwa ajili ya macho ya watu.

Ng'ombe wanne na safari ya India

Jumapili ndugu walikutana nyumbani kwa babu, chini ya mwarobaini. Simu yenye video ilizunguka mkono hadi mkono. Hesabu zikaanza: tiketi za ndege za kwenda India, gharama za hospitali, mtu wa kumsindikiza. Ikapendekezwa ng'ombe wanne wapelekwe mnadani na pesa ya pamba ya msimu ule iongezwe juu.

Mgonjwa alikuwa kimya. Alipoulizwa, alisema kisu kinamtisha, na kama kuna dawa ya taa atakwenda hata kama ni mbali.

Aliyeomba kuzungumza ni mke wa kaka yake. Mama huyu ana binti wa miaka 12 mwenye ualbino, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimpeleka kliniki ya ngozi. Anazijua foleni zake, na anajua maswali ambayo daktari huuliza.

"Baba, naomba niseme," alimwambia mkwe wake. "Ng'ombe wakishauzwa hawarudi. Tumpeleke kwanza shemeji akaonwe. Daktari akisema taa, tutauza wote."

Babu alifikiri kidogo, akamgeukia mwanawe. "Kesho kutwa utakwenda na shemeji yako. Na mjukuu wangu aende pia."

Jua la shambani

Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtoto huzaliwa na hali hiyo anapopokea vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao hawana dalili yoyote. Ndiyo maana inaweza kumpata mdogo wa baba, ikaruka, kisha ikaonekana kwa mtoto wa kaka yake.

Ngozi ya mwenye ualbino ina melanini kidogo sana, au haina kabisa. Melanini ndiyo rangi inayozuia miale mikali ya jua isiharibu seli. Bila kinga hiyo, madhara huanza utotoni na kujikusanya mwaka hadi mwaka.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Shinyanga, ni mkoa wa pamba. Pamba hupandwa juani, hupaliliwa juani, hunyunyiziwa dawa juani na huvunwa kwa mkono juani. Mkulima huyu alianza kushika jembe akiwa darasa la tatu, kichwa wazi, katika fulana isiyo na mikono.

Kuna na jambo jingine, ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wanalijua. Katika miaka ambayo watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, familia nyingi ziliwaficha ndugu zao. Baba yake alimkataza kusafiri peke yake na kulala ugenini. Ilikuwa njia ya kumlinda. Lakini aliyefichwa asionekane na wauaji hakuonekana na daktari pia. Hofu ilipopungua, mazoea ya kutokwenda mbali yalibaki.

Tochi kwenye kidole

Kliniki, daktari aliwasalimia kwa Kisukuma cha kujifunza, "Mwangaluka," wakaitikia. Mama akatoa simu na kumwonyesha video. Daktari aliitazama hadi mwisho. Hakucheka, na hakumlaumu shangazi.

"Tiba hii ni ya kweli," alisema. "Si ya matapeli. Swali ni kama inaufaa ugonjwa wa huyu baba."

Akaeleza inavyofanya kazi. Mgonjwa hupewa dawa maalumu, kwa kupakwa kwenye ngozi au kwa sindano ya mshipa. Dawa hiyo hujikusanya zaidi kwenye seli zilizoharibika. Peke yake, haifanyi kitu. Baada ya muda, ambao kwa dawa ya kupaka ni kama saa tatu, eneo hilo humulikwa kwa mwanga wa rangi maalumu. Mwanga unaiamsha dawa, dawa inaitumia oksijeni iliyo kwenye seli, na kinachotokea hapo huiua seli. Vinahitajika vitu vitatu kwa pamoja: dawa, mwanga na oksijeni. Kimoja kikikosekana, hakuna tiba.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1903 daktari wa Denmark, Niels Finsen, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Miaka hiyo hiyo, Hermann von Tappeiner na wenzake mjini Munich, Ujerumani, walijaribu kupaka rangi kwenye uvimbe wa saratani ya ngozi na kuumulika. Ilichukua miaka mingi hadi Canada ilipoidhinisha dawa ya kwanza ya tiba hii kwa wagonjwa wa saratani, mwaka 1993. Leo nchi kadhaa huitumia kwa mabaka ya ngozi yanayoelekea kuwa saratani, kwa baadhi ya saratani changa za ngozi, na kwa baadhi ya saratani za koo la chakula na njia ya hewa.

"Sasa tuone tatizo lake," daktari alisema. Akamwita binti, akamwambia awashe tochi ya simu ya mama yake na kuifunika kwa ncha ya kidole.

Kidole kikang'aa chekundu.

"Weka kiganja." Kiganja nacho kiliwaka, lakini hafifu, na ilibidi daktari afunge pazia ili waone vizuri. "Weka kwenye paja la baba mdogo." Binti aliibana tochi kwenye suruali, akacheka. Upande wa pili hapakuonekana kitu.

Daktari akawauliza kwa nini kidole kilikuwa chekundu wakati tochi ni nyeupe. Hakuna aliyejibu. Akasema mwanga mweupe una rangi nyingi ndani yake. Bluu na kijani humezwa mapema na damu na melanini. Nyekundu ndiyo inayovumilia safari kidogo. Ndiyo sababu taa ya kwenye video ni nyekundu. Lakini hata nyekundu haiendi moja kwa moja: inagongana na seli, inatawanyika, inamezwa kidogo kidogo. Kila milimita chache, zaidi ya nusu ya mwanga inakuwa imekwisha.

"Lakini daktari, umetokea upande wa pili wa kidole," mama alisema.

"Umetokea, mama, lakini ni mabaki. Macho yetu yanaona hata mwanga mdogo sana. Dawa haiamki kwa mabaki. Inataka mwanga wa kutosha, kwa muda wa kutosha. Kwa dawa ya kupaka kwenye ngozi, tunazungumzia kina cha milimita mbili au tatu. Kwa dawa ya sindano na taa kali, inakaribia sentimita moja. Zaidi ya hapo, seli za saratani zinabaki hai gizani."

Mkulima, ambaye tangu waingie alikuwa hajasema neno, ndipo alipofungua kinywa.

"Ni kama pamba," alisema. "Ukichukua tonge dogo ukaliinua juu, unaona jua linapita. Ukiijaza kwenye gunia, ndani ni usiku."

"Ndivyo ilivyo," daktari alisema.

Ugonjwa mmoja, vina viwili

Daktari akaomba avue kofia. Alikitazama kidonda, akakishika kwa vidole kingo zake, akajaribu kukisogeza. Kilikuwa kigumu, na kilikuwa kimeshika chini. Kisha akapapasa shingo polepole, kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya mfupa wa bega, akitafuta matezi. Akakata kinyama kidogo kwa ajili ya kipimo.

Majibu yalipotoka yalithibitisha saratani ya ngozi, ya aina inayowapata sana wenye ualbino. Ilikuwa imeshavuka tabaka la juu la ngozi na kwenda chini kwa kiasi ambacho hakuna taa ya kupaka dawa ingekifikia. Hapo ndipo hatari ya ile safari ilipokuwa. Mwanga ungeweza kuua sehemu ya juu, ngozi ikafunga, kidonda kikaonekana kimepona. Familia ingerudi Bariadi na kuchinja mbuzi, huku chini ya kovu zuri ugonjwa ukiendelea.

"Wewe unahitaji kisu," daktari alimwambia, "na unakihitaji mapema. Kisu kinafika mahali ambapo mwanga haufiki, na kinyama kikishatoka tunakipima kingo zake tujue kama kimetoka chote."

Kisha akamgeukia binti. Kila mara huwa anamkagua, lakini siku hiyo alikaa naye zaidi. Mgongoni mwa mkono wa kulia na juu ya paji alikuwa na mabaka mawili makavu, yenye magamba, ambayo mama yake alidhani ni ukavu wa ngozi tu. Ukipitisha kidole unahisi kama msasa. Hayo ni mabaka yaliyochomwa na jua ambayo, yakiachwa miaka, baadhi yake hugeuka kuwa saratani.

"Kwa mabaka kama haya hata ile taa ya kwenye video ingeweza kufaa," daktari alisema. "Kwetu hapa hatuna, lakini hatuihitaji." Aliyachoma kwa baridi ya nitrojeni ya majimaji, kila baka kwa sekunde chache. Binti aliuma meno, yakaisha. Baada ya muda yalibanduka na ngozi mpya ikaja.

Mama alikaa kwenye benchi la nje bila kuongea. Kidonda cha shemeji yake na mabaka ya bintiye vilikuwa njia moja. Mmoja alikuwa mwanzoni mwa njia hiyo, mwingine mbali. Miaka iliyopita na kile cha shemeji kilikuwa kirefu milimita moja.

Mwanga si mionzi

Nyumbani, mkanganyiko mpya ulizuka. Daktari alikuwa ametaja kwamba baada ya upasuaji huenda ikahitajika tiba ya mionzi. Mjomba mmoja akauliza: kama mwanga haufai, mionzi itafaaje, wakati vyote ni miale?

Swali lake ni zuri, na wengi huchanganya. Tiba ya mionzi inayotolewa kwenye hospitali kubwa, kama Bugando jijini Mwanza na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, haitumii mwanga unaoonekana kwa macho. Hutumia miale yenye nguvu kubwa zaidi, ya jamii ya ile ya eksirei. Miale hiyo hupenya mwili mzima. Ndiyo maana picha ya eksirei huonyesha mifupa. Inaweza kuelekezwa kwenye uvimbe ulio ndani kabisa. Lakini kwa sababu inapita kila mahali, huweza pia kuumiza nyama nzima iliyo njiani, na hupangwa kwa vipimo vya uangalifu.

Tiba ya mwanga ni kinyume chake. Haifiki mbali, na hilo ni udhaifu, lakini ndilo linaloifanya isiharibu vilivyo chini. Huacha kovu dogo. Inaweza kurudiwa. Tatizo huja pale inapotakiwa kufanya kazi isiyo yake.

Wataalamu wamekuwa wakitafuta njia ya kuuvuka mpaka huo. Njia mojawapo ni kuacha kuusukuma mwanga kutoka nje na badala yake kuupeleka ndani. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kooni ukiwa umebeba uzi wa mwanga, ingawa hata huko hutibu kile kilicho karibu na ukuta tu. Mwaka 2020 Japani iliidhinisha tiba ya aina hii kwa baadhi ya saratani za kichwa na shingo, ambapo nyuzi za mwanga zinaweza kuchomekwa ndani ya uvimbe wenyewe. Hayo ni maendeleo ya kweli, lakini kila uzi bado unaangaza eneo dogo linaouzunguka.

Tena kuna jambo ambalo video haikulitaja. Baada ya dawa ya sindano ya tiba hii, ngozi nzima na macho huchukia mwanga kwa wiki kadhaa, na mgonjwa hutakiwa kujifunika na kukwepa jua. Kwa mkulima mwenye ualbino wa Bariadi, hilo peke yake ni mtihani.

Mwanza badala ya India

Ng'ombe wawili waliuzwa, si wanne. Pesa ilitumika kwa nauli, chakula na malazi ya msindikizaji. Basi lilipita Lamadi na Magu, likawafikisha Mwanza siku hiyo hiyo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala nje ya Simiyu tangu utoto.

Alifanyiwa upasuaji Bugando. Kidonda kilitolewa pamoja na ngozi iliyokizunguka na kipande cha sikio, na ngozi ya paja ikahamishiwa hapo. Alipofunguliwa bandeji aliomba kioo, akajitazama kwa muda mrefu, akakirudisha. Kingo zilipopimwa zilikuwa safi. Matezi ya shingo hayakuwa na ugonjwa, na mionzi haikuhitajika. Hiyo ilikuwa bahati, na madaktari hawakumficha: angechelewa msimu mmoja zaidi, huenda mazungumzo yangekuwa mengine. Kila baada ya miezi mitatu anatakiwa kurudi kuangaliwa, maana kidonda kimoja kinapotokea, kingine huweza kufuata.

Amebadilisha saa za shamba. Anapalilia alfajiri na jioni, mchana anakaa kivulini. Amevaa shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, kwa sababu kofia ya kapelo huacha masikio na shingo wazi. Anapaka mafuta ya kukinga jua. Yapo mafuta ya Kilisun, yaliyoanza kutengenezwa Moshi, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, mahususi kwa watu wenye ualbino. Mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi hayafanyi kazi hiyo.

Kwa mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino, kinga huanza siku za mwanzo za maisha: nguo ndefu, kofia, kivuli, mafuta ya jua, na ruhusa ya mwalimu mtoto asisimame juani gwaride likiendelea. Inayofuata ni ukaguzi. Kidonda au kigaga kisichopona ndani ya mwezi mmoja, baka gumu linalokwaruza kama msasa, uvimbe unaotoka damu, mdomo wa chini unaopasuka na kubaki na magamba: yote haya ni ya kwenda kituo cha afya. Ukipewa mafuta na hali isibadilike, rudi na uombe rufaa. Usisubiri kiume au kionekane kikubwa. Kikiwa chembamba, tiba nyingi bado zinakifikia.

Kwenye familia hii ukaguzi hufanyika Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kanisa. Mama anakagua nyuma ya masikio, shingo, midomo, mikono na kichwani kati ya nywele. Binti anashika tochi ya simu. Wakimaliza kwake wanahamia kwa baba mdogo, ambaye hulalamika kwamba ana mambo ya kufanya, kisha anakaa kwenye kiti na kuvua kofia.

Mwezi uliopita shangazi aliuliza kwenye kundi: "Ile dawa ya taa mliishia wapi?"

Mama alimjibu kwa ujumbe wa sauti. Alimshukuru kwa video, maana bila hiyo kikao kisingekaa. Akamweleza kuwa kidonda kilikuwa kirefu kuliko mwanga. Kisha akamwomba atume kofia mbili kutoka Kariakoo, zenye ukingo mpana, moja ya mtoto na moja ya mtu mzima.